MARADHI YA TEZI ADRENALI, TIBA YAKE NA LUGHA YA KUMWELEZA MGONJWA

Utangulizi

Juu ya kila figo ya binadamu pameketi tezi ndogo yenye uzito wa takribani gramu 4 hadi 5. Tezi hizi mbili ndizo zinazoitwa tezi adrenali. Udogo wake uliwafanya wataalamu wa kale wazipite bila kuzitaja hadi karne ya 16, pale mwanaanatomia Mwitaliano, Bartolomeo Eustachi, alipozieleza. Hata baada ya hapo, karne tatu zilipita kabla ya yeyote kujua kazi yake. Leo twajua kwamba mtu anaweza kuishi na figo moja, na anaweza kuishi bila wengu, lakini akikosa tezi adrenali zote mbili na asipewe dawa za kufidia homoni zake, atafariki baada ya muda mfupi.

Makala haya yanadhamiria kutimiza mambo matatu. Kwanza, yataeleza kwa muhtasari muundo wa tezi hizi na kazi yake. Pili, yatachambua maradhi makuu yanayozikumba pamoja na tiba yake. Tatu, yatajadili matatizo ya kilugha yanayomkabili mhudumu wa afya anapojaribu kumweleza mgonjwa hali yake kwa Kiswahili. Yamkini msomaji atauliza: maradhi ya tezi yanatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba maradhi haya hujificha nyuma ya dalili za kawaida kama vile uchovu, kizunguzungu na kutapika, na tiba yake humtegemea mgonjwa mwenyewe kuliko tiba za maradhi mengine mengi. Mgonjwa asipoelewa alichoambiwa, anaweza kupoteza maisha akiwa na dawa yake kabatini. Kwa hivyo, suala la maelezo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Muundo na Kazi ya Tezi Adrenali

Kila tezi adrenali ina sehemu mbili zenye asili tofauti, yaani gamba la nje na kiini cha ndani. Gamba lina matabaka matatu. Tabaka la nje hutoa homoni ya aldosteroni, ambayo huziamuru figo kuhifadhi sodiamu, yaani kijenzi kikuu cha chumvi, na kuitoa potasiamu mwilini kupitia mkojo. Tabaka la kati hutoa kotisoli. Homoni hii hudumisha kiwango cha glukosi katika damu, huisaidia mishipa kuhimili shinikizo la damu na hutuliza kinga ya mwili isipite kiasi. Tabaka la ndani hutoa androjeni, yaani homoni za kiume zenye nguvu hafifu, ambazo hupatikana kwa wanawake na wanaume vilevile. Kiini nacho kinahusiana na mfumo wa neva, nacho hutoa adrenalini na noradrenalini. Hizi ndizo homoni zinazoufanya moyo upige kwa kasi na viganja vitoe jasho mtu anapokutana na nyoka njiani.

Utoaji wa kotisoli hudhibitiwa kutoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huichochea tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa homoni ya ACTH ambayo husafiri katika damu hadi kwenye tezi adrenali na kuziamuru zitoe kotisoli. Kotisoli ikishatosha, yenyewe huwa ishara kwa ubongo na pituitari kupunguza amri hiyo. Utaratibu huu unaweza kulinganishwa na kiboya cha tangi la maji: maji yakijaa, kiboya hupanda na kuufunga mfereji, maji yakipungua, kiboya hushuka na mfereji ukafunguka. Aidha, kotisoli ina mwendo wake wa kila siku. Hupanda alfajiri kabla ya mtu kuamka na hushuka hadi kiwango cha chini mnamo usiku wa manane. Ndiyo maana daktari anayeshuku upungufu wa kotisoli huagiza damu itolewe asubuhi. Aldosteroni kwa upande wake hutegemea zaidi ishara zinazoanzia katika figo zenyewe.

Msomaji akiuelewa utaratibu wa kiboya, ameelewa nusu ya maradhi yatakayojadiliwa hapa chini, kwani mengi kati yake hutokea aidha tangi linapopasuka, au mfereji unapokwama ukiwa wazi, au mtu anapomwaga maji kutoka nje na kukidanganya kiboya.

Upungufu wa Homoni: Ugonjwa wa Addison

Mnamo mwaka wa 1855, Thomas Addison, daktari wa Hospitali ya Guy's jijini London, alichapisha maelezo ya wagonjwa 11 waliodhoofika, wakakosa hamu ya chakula, ngozi zao zikageuka rangi, na hatimaye wakafariki. Maiti zao zilipopasuliwa, tezi adrenali zilipatikana zimeharibika. Mwaka uliofuata, Charles-Édouard Brown-Séquard aliwaondolea wanyama tezi hizo na kuonyesha kwamba hawakuweza kuishi bila tezi hizo. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyotanabahi kwamba tezi hizi ni za lazima.

Wakati wa Addison, kifua kikuu ndicho kilichokuwa chanzo kikuu cha uharibifu huo. Katika nchi za Ulaya siku hizi, chanzo kikuu ni kinga ya mwili inayogeuka na kuzishambulia tezi za mwili wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, katika nchi kama Kenya, ambako kifua kikuu bado ni tatizo kubwa la afya ya umma, chanzo alichokiona Addison hakijapitwa na wakati. Virusi vya Ukimwi navyo huongeza hatari hiyo, kwa sababu huufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu pamoja na maambukizi mengine yawezayo kuzifikia tezi hizi. Fauka ya hayo, rifampisini, ambayo ni dawa ya lazima katika tiba ya kifua kikuu, huharakisha uvunjwaji wa kotisoli katika ini. Mgonjwa ambaye tezi zake zimebakiwa na uwezo mdogo anaweza kuzidiwa ghafla majuma machache baada ya kuanza tiba. Jamaa zake hudhani dawa za kifua kikuu ndizo zinazomuua, ilhali kinachohitajika ni kuongezewa homoni, huku akiendelea na dawa hizo hizo.

Dalili za ugonjwa wa Addison huja polepole. Mgonjwa huchoka bila sababu, hukonda, huumwa na tumbo, hutapika, na huona kizunguzungu kila anaposimama kwa sababu shinikizo la damu hushuka. Wengine hutamani chumvi kupita kiasi, hata kuilamba. Dalili inayoutofautisha ugonjwa huu na mengine ni ngozi kuwa nyeusi zaidi. Weusi huu hutokea kwa sababu pituitari, ikijaribu kuziamsha tezi zilizokufa, hutoa ACTH kwa wingi, na homoni hiyo huzichochea pia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Vitabu vingi vya tiba huonyesha picha za wagonjwa wa Kizungu, ambao weusi huo huonekana kwao mara moja. Kwa Mwafrika inabidi mtu atazame kwa makini: kwenye mikunjo ya viganja, kwenye ufizi, kwenye makovu mapya na kwenye vifundo vya vidole. Isitoshe, swali sahili kwa mama au ndugu wa mgonjwa, la iwapo rangi ya mgonjwa imebadilika, linaweza kufichua mengi kuliko macho ya daktari anayemwona kwa mara ya kwanza.

Kuna aina nyingine ya upungufu ambayo chanzo chake ni pituitari. Hapa Afrika inafaa kutaja hali inayompata mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, kiasi cha pituitari yake kukosa damu na kufa. Mama huyo hushindwa kutoa maziwa ya kunyonyesha, hedhi yake hairudi, na uchovu wake haumwishi hata baada ya miaka. Ngozi yake haiwi nyeusi, kwa kuwa ACTH yenyewe imepungua. Mama wa aina hii anaweza kuitwa mvivu kwa miaka mingi kabla ya mtu kumuuliza jinsi alivyojifungua.

Dharura ya Adrenali

Hatari kubwa kuliko zote ni ile inayotokea mwili unapohitaji kotisoli nyingi kwa ghafla, kwa mfano wakati wa malaria, nimonia, kuhara, ajali au upasuaji. Mtu mwenye tezi nzima huongeza kotisoli mara kadhaa bila kujua. Mgonjwa wa Addison hawezi. Shinikizo la damu huporomoka, sodiamu na glukosi hushuka, potasiamu hupanda hadi kuuhatarisha moyo, na mgonjwa huzimia. Hali hii huitwa dharura ya adrenali.

Tiba yake haihitaji mitambo ya kifahari. Mgonjwa mzima huchomwa miligramu 100 za haidrokotisoni mara moja, kwenye mshipa au kwenye msuli, kisha hupewa maji ya chumvi kupitia mshipani, na glukosi iwapo imeshuka. Baadaye huendelea kupewa takribani miligramu 200 kwa saa 24 hadi hali itulie. Daktari hashauriwi kusubiri majibu ya maabara, kwa sababu kungoja kunaweza kuua, ilhali sindano moja ya haidrokotisoni haimdhuru asiyekuwa na ugonjwa huo. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa hii hutumiwa kutibu pumu, hivyo si ngeni katika hospitali zetu. Inaweza kuwa rafuni hatua chache kutoka kwa mgonjwa anayekufa kwa kuikosa, kwa sababu tu hakuna aliyelifikiria jina la ugonjwa wake.

Nje ya dharura, uchunguzi hufanywa kwa kupima kotisoli ya asubuhi, kisha kwa kumchoma mgonjwa mikrogramu 250 za ACTH iliyotengenezwa maabarani na kuangalia iwapo kotisoli itapanda. Tiba ya kila siku ni vidonge vya haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 25 zilizogawanywa mara mbili au tatu, kipimo kikubwa kikimezwa asubuhi ili kuufuata mwendo wa asili. Palipo na upungufu wa aldosteroni, huongezwa fludrokotisoni. Haidrokotisoni isipopatikana, prednisoloni huweza kutumiwa badala yake. Mgonjwa anayezingatia masharti huishi maisha ya kawaida. John F. Kennedy, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka wa 1947, alichaguliwa kuwa rais wa Marekani mwaka wa 1960, ingawa wasaidizi wake walijitahidi kuuficha ugonjwa huo mbele ya wapiga kura.

Kuzidi kwa Kotisoli na Janga la Steroidi

Upande wa pili wa mizani ni kotisoli kuzidi. Hali hii hupewa jina la Harvey Cushing, daktari mpasuaji wa Marekani aliyeieleza kwa kina mwaka wa 1932. Uso wa mgonjwa huviringana kama mwezi, tumbo na mabega hunenepa ilhali mikono na miguu hukonda, michirizi ya rangi ya zambarau hutokea tumboni, ngozi huwa nyepesi na kuchubuka upesi, na misuli ya mapaja hudhoofika hata mtu akashindwa kuinuka kutoka kitini bila kujishika. Kisukari, shinikizo la juu la damu na mifupa kuvunjika hufuata. Chanzo kinaweza kuwa uvimbe katika pituitari, uvimbe katika tezi adrenali yenyewe, au uvimbe kwingineko mwilini unaotoa ACTH. Tiba ya kwanza ni upasuaji. Uvimbe wa pituitari huweza kutolewa kupitia puani, na ule wa tezi adrenali huweza kutolewa kupitia matundu madogo tumboni. Wasioweza kupasuliwa hupewa dawa za kuzuia utengenezaji wa kotisoli.

Licha ya hayo, chanzo kinachoongoza ulimwenguni kote si uvimbe. Ni dawa. Mnamo mwaka wa 1948, Philip Hench na wenzake nchini Marekani walimchoma mgonjwa wa baridi yabisi homoni iliyotokana na utafiti wa tezi adrenali, na mgonjwa aliyekuwa hajiwezi akaanza kutembea. Mwaka wa 1950, Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo, dawa za jamii hii, ambazo kwa pamoja tutaziita steroidi, zimeokoa maisha ya wagonjwa wa pumu, wa mzio mkali na wa maradhi mengine mengi. Mwaka wa 2020, utafiti uliofanywa Uingereza ulithibitisha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa Covid-19 waliohitaji oksijeni.

Lakini dawa inayotuliza maumivu kwa haraka hivyo haikosi kutumiwa vibaya. Wapo wanaoimeza ili wanenepe. Wapo wanaonunua unga wa kutibu viungo kwa wachuuzi, bila kujua kwamba unga huo umechanganywa na deksamethasoni. Wapo wanaojipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, steroidi kali sana, kwa miezi au miaka. Dawa hiyo hupenya ngozini na kuingia katika damu. Wapo pia wanaotumia dawa halali, kama ritonaviri ya kudhibiti virusi vya Ukimwi, pamoja na steroidi ya kuvuta kwa pumu. Ritonaviri huzuia ini lisiivunje steroidi hiyo, ikarundikana mwilini.

Hapa ndipo mfano wa kiboya unapojidhihirisha. Steroidi kutoka nje hulijaza tangi, ubongo ukaacha kutoa amri, na tezi adrenali zikasinyaa kwa kukosa kazi. Mtu aliyezitumia kwa zaidi ya majuma matatu au manne kwa kipimo kinachozidi mahitaji ya mwili akiziacha ghafla, tezi zake hazina nguvu za kuamka papo hapo. Mtu huyo huwa na sura ya aliyezidiwa na kotisoli, kumbe yuko katika hatari ya kufa kwa kuikosa. Ndiyo maana steroidi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Tezi zaweza kuchukua miezi kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya mwaka, kabla ya kurejelea kazi yake.

Shinikizo la Damu Linalotokana na Tezi Adrenali

Mwaka wa 1955, Jerome Conn wa Marekani alieleza ugonjwa unaosababishwa na kuzidi kwa aldosteroni. Figo huhifadhi chumvi kupita kiasi, shinikizo la damu hupanda, na mara nyingine potasiamu hushuka hata misuli ikalegea. Zamani ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa adimu. Siku hizi watafiti wanakadiria kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye shinikizo la juu la damu, huenda 5 hadi 10 wakawa nao. Mgonjwa anayemeza dawa tatu za shinikizo la damu bila nafuu anastahili kupimwa aldosteroni na renini. Uvimbe ukiwa katika tezi moja, tezi hiyo huondolewa. Tezi zote mbili zikihusika, mgonjwa hupewa spironolaktoni, dawa inayozuia kazi ya aldosteroni.

Kiini nacho kina uvimbe wake, uitwao feokromositoma. Uvimbe huu ni nadra, ila madhara yake ni makali. Mgonjwa hupatwa na vipindi vya kuumwa na kichwa, kutokwa na jasho na moyo kumwenda mbio, huku shinikizo la damu likipaa. Kwa kuwa vipindi hivyo huja na kutoweka, mgonjwa huweza kudhaniwa kuwa na wasiwasi wa moyo au kupagawa na pepo. Tiba ni upasuaji, lakini haufanywi kabla ya mgonjwa kupewa dawa za kulegeza mishipa, kama vile fenoksibenzamini au doksazosini, kwa siku 7 hadi 14. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo huongezwa baadaye tu. Zikitangulia, shinikizo la damu linaweza kupanda zaidi na kumuua mgonjwa. Aidha, takribani theluthi moja ya wagonjwa huwa wamerithi kasoro ya kijeni, hivyo jamaa zao pia hufaa kuchunguzwa.

Watoto Wanaozaliwa na Kasoro ya Tezi Adrenali

Wapo watoto wanaozaliwa wakikosa kimeng'enya cha kutengeneza kotisoli. Katika visa zaidi ya tisa kati ya kumi, kimeng'enya hicho ni kile kiitwacho 21-haidroksilesi. Tezi zikishindwa kutengeneza kotisoli, malighafi yake hugeuzwa kuwa androjeni. Mtoto wa kike huweza kuzaliwa na maumbile ya nje yanayofanana na ya kiume, hata mkunga akashindwa kutamka jinsia yake. Mtoto wa kiume kwa kawaida haonyeshi dalili ya nje iliyo wazi, na kwa sababu hiyo ndiye aliye hatarini zaidi. Kati ya juma la kwanza na la tatu, mtoto asiyeweza kuhifadhi chumvi huanza kutapika, hukauka maji na hufariki, na kifo chake huhesabiwa kuwa cha kuhara.

Ugonjwa huu huhitaji wazazi wote wawili wawe wamebeba kasoro hiyo. Ni muhimu jambo hili lielezwe waziwazi, kwani mama ndiye anayebebeshwa lawama mara nyingi, na neno laana hutajwa upesi. Tiba ni haidrokotisoni, fludrokotisoni na chumvi ya ziada utotoni. Katika nchi nyingi zilizoendelea, tone la damu kutoka kisigino cha kila mtoto mchanga hupimwa siku chache baada ya kuzaliwa, na watoto hawa hutambuliwa kabla ya kuzidiwa.

Lugha ya Kumweleza Mgonjwa

Baada ya kuyapitia maradhi haya, sasa tugeukie suala linalotuhusu sisi wanaisimu. Istilahi tulizozitumia, kama vile homoni, kotisoli na aldosteroni, zimetoholewa na hazina utata mkubwa. Utata umo katika maneno ya kawaida ambayo kila Mswahili anadhani anayaelewa.

Kwanza ni shinikizo la damu. Katika mazungumzo ya kila siku, kusema fulani ana shinikizo la damu, au ana presha, ni kusema kwamba shinikizo lake liko juu. Hali ya kushuka haina jina lililozoeleka. Mgonjwa wa Addison akiambiwa kwamba shinikizo lake limeshuka, anaweza kushukuru Mungu na kwenda nyumbani akidhani amepata nafuu.

Pili ni chumvi. Kampeni za afya zimetuhimiza kwa miaka mingi tupunguze chumvi, na kwa watu wengi ushauri huo ni sahihi. Mgonjwa wa Addison naye huhitaji chumvi ya kutosha. Jamaa zake wakimficha chumvi kwa nia njema, wanamdhuru. Hapana budi mhudumu aeleze kwa nini mgonjwa huyu ni tofauti na jirani yake.

Tatu ni neno dozi. Tumefunzwa kwamba mgonjwa mwema ni yule anayemaliza dozi. Kumaliza kunaashiria mwisho, na mgonjwa aliyemaliza vidonge vyake huona ametii na kupona. Dawa za kufidia homoni hazina mwisho. Kiswahili kina kitenzi kufidia, yaani kutoa badala ya kilichopotea, nacho kinafaa kutiliwa mkazo kuliko kutibu, ambacho katika masikio ya wengi ni sawa na kuponya.

Nne ni homa. Sharti kuu la mgonjwa huyu ni kuzidisha dawa mara mbili au tatu anapopatwa na homa. Lakini kwa Mkenya, homa ni joto la mwili kupanda, ni mafua, na wakati mwingine ni ugonjwa wowote usiojulikana. Sharti likiachwa bila ufafanuzi, mmoja ataongeza dawa kwa kila chafya na mwingine hataiongeza hata akiwa na malaria.

Tunapendekeza maelezo kama haya, ambayo muuguzi anaweza kuyatoa bila istilahi hata moja ngumu: "Mama, mwili wako umeacha kutengeneza kitu fulani ambacho kila mtu anakihitaji ili aishi. Vidonge hivi ndivyo vinavyoshika nafasi yake, na utavimeza maisha yako yote. Vikikaribia kuisha, njoo uchukue vingine kabla havijakwisha. Mwili ukiwa moto, meza mara mbili ya ulivyozoea mpaka joto liishe, kisha urudi kwenye kipimo chako. Ukitapika na dawa isikae tumboni, usingoje kesho. Njoo hospitali upewe sindano. Na popote uendapo, beba karatasi hii inayoeleza ugonjwa wako, ili hata ukizimia, anayekuokota ajue la kufanya." Maelezo haya yana mambo makuu ambayo kitabu cha tiba kinayadai. Yakitafsiriwa katika lugha nyingine za Kenya, yatawafikia hata wasiojua Kiswahili.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba tezi adrenali, licha ya udogo wake, hushika maisha ya mtu. Tumeona kwamba upungufu wa homoni zake huua upesi, kuzidi kwake huua polepole, na matumizi mabaya ya steroidi huweza kumtia mtu katika hatari zote mbili kwa pamoja. Tumeona pia kwamba tiba nyingi za maradhi haya zinajulikana tangu katikati ya karne ya 20, na baadhi yake ni za bei nafuu. Kinachopungua mara nyingi ni utambuzi wa mapema na maelezo yanayoeleweka.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na vilevile inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Haki hizi mbili hukutana pale mgonjwa anapoketi mbele ya daktari. Tunatoa wito kwa wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa vitivo vya tiba na uuguzi ili kuandaa kadi za wagonjwa, vijitabu na mabango ya hospitalini kwa lugha sanifu na nyepesi. Vilevile, wahadhiri wetu wazingatie somo la tafsiri ya matini za kiafya kama uwanja wa utafiti. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mgonjwa wa tezi adrenali, sehemu kubwa ya kinga hiyo ni maneno aliyoambiwa na akayaelewa.